Tufe la Baba kwa Vidole Vyako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Huku mimi na Mama hatujambo. Magoti yake yanalalamika kila akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa, unamjua.

Baba ndiye sababu ya kuandika. Tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia haushiki hata kijiko. Daktari ametuambia wazi kwamba moyo nao umechoka, tusipange mambo ya mbali.

Hata hivyo haachi boling, mchezo wake wa kuviringisha tufe na kuangusha pini. Kila Jumamosi asubuhi namsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini, njia ya nne, ile yake. Anafumba macho akisikiliza pini zikianguka, na anaweza kukwambia zimebaki ngapi. Amemaliza miaka arobaini mle ndani, fundi wa kutoboa matufe kwa kazi na mchezaji kwa mapenzi. Mama husema yeye ni mke mdogo, mkubwa ni tufe. Baba hucheka, lakini kitambaa cha kulifutia tufe hilo hakuwahi kumwachia mtu akifue.

Sasa mashine yake ya kutoboa ninaishika mimi. Juzi aliniagiza nimpeleke yeye na tufe lake karakana, niyazibe matundu yote matatu. Nilikataa. Unajua mwenyewe, tufe hutobolewa kwa kipimo cha vidole vya mtu mmoja, na kuyaziba matundu yake niliona ni kumzika mzee angali hai. Akaniambia, kwa huu ulimi wake mzito wa siku hizi, nizibe kisha nitoboe upya kwa kipimo chako.

Kaka, nilikaa sakafuni kwenye vumbi la karakana, nikamwambia nililolificha miaka kumi na moja. Nakuambia na wewe, maana mwenye haki ya kulisikia ni wewe.

Siku ile ya fainali yako na Baba, ulipobakiwa na mpigo mmoja wa kukupa ushindi, mimi ndiye niliyewekwa kuchunga mstari ambao mrushaji haruhusiwi kuukanyaga. Ulirusha, pini zote kumi zikalala. Nikainua bendera, nikasema umekanyaga, na mpigo wako ukafutwa. Hukukanyaga. Kiatu chako kiliishia vidole viwili nyuma ya mstari, nilikiona kama ninavyoiona karatasi hii. Baba alikuwa ametutangazia kwamba ile ndiyo fainali yake ya mwisho, nami nilitaka abebe kikombe. Tena nisijisafishe: nilikuwa nimechoka kukuona wewe ukishinda kila kitu. Sikujua kwamba Baba angekuita mwongo mbele ya ukumbi mzima, wala kwamba ungevua viatu, uviache kwenye benchi, usirudi. Barua zako ambamo ulikuwa ukiniita mtu pekee wa kweli nyumbani kwetu, sikuwahi kuzisoma hadi mwisho. Nilikuwa naona aibu.

Nilimwomba Baba msamaha. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa nimesimama nyuma ya kaka yako. Hata mimi niliona."

Alijua, kaka. Alikuita mwongo huku akijua. Alisema kikombe kilimpendeza siku moja tu. Ndiyo maana miaka yote kimekaa juu ya kabati kikiwa kimefudikizwa, nasi tukidhani anakikinga na vumbi. Alilia, nami nikalia, na mteja aliyekuja kuchukua tufe lake akarudi zake kimyakimya.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua, na sikuombi usahau. Tumekukosea wawili, baba na dada. Naomba tu usichelewe.

Matundu nimekwisha kuyaziba. Nyuma ya karatasi hii nimepaacha wazi. Weka kiganja chako cha kulia, uchore kila kidole kwa kalamu, nami nitatoboa kwa mchoro huo.

Mama anakusalimu sana, na viatu vyako bado anavipaka rangi. Msalimie wifi, wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ukiona mchoro hautoshi, njoo na mkono wenyewe. Baba amesema safari hii mstari atauchunga yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto