Aliyekifuata Kitenge cha Mama

Kitanga, Kasulu
Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa Theodosia,

Shikamoo, Mama, na amahoro, amani ya Bwana, ikukute hapo Kibondo ukiwa mzima wa mwili na moyo. Mdogo wangu Claudine anaendeleaje? Mshono umekauka? Na huyo mjukuu, bado ananyonya kama anayekimbizwa? Sisi huku hatujambo. Baba kifua kimemwachia, mvua imetosha, maharage yametoa maua, na mbuzi wako wote wapo, hata yule mwenye kisirani.

Barua hii anakuletea Sylvesta, anayepeleka maharage sokoni. Nimemsihi akukabidhi mkononi kabla ya jioni. Isome mwenyewe, miwani yako iko kwenye mfuko wa ndani wa mkoba. Usimpe Claudine akusomee, maana atalia, maziwa yakatike, halafu lawama zije kwangu. Na uisome mpaka mwisho. Najua tabia yako ya kusoma nusu na kuanza kugomba.

Utajiuliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Ni kwa sababu ya simu hiyohiyo. Tangu uende kumtunza Claudine hujakosa jioni hata moja kupiga, na ukipiga hunisalimii mimi wala Baba. Unasema tu nimwekee Mpawenimana simu sikioni, nami namwekea. Chui mzima, mrefu kama benchi la kanisani, analaza kichwa mkekani akikusikiliza unavyomwuliza kama amekula, na mkia wake unapigapiga sakafu. Baba alilalamika kwamba katika ndoa yenu yote hujawahi kumpigia yeye simu ndefu hivyo. Sasa jioni hizi za karibuni nimekuwa nikikuambia mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui, Mama.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Siku ulipomleta kutoka shamba la bondeni, ndani ya kikapu cha maharage, ulituambia ni paka pori. Sote tuliyaona madoa. Hata wewe uliyaona, ila ulijua ukitamka neno chui Baba atamrudisha bondeni kabla hujaweka maji jikoni. Ukamnyonyesha kwa chupa maziwa ya mbuzi, ukamlaza upande wa Baba kitandani, na Baba akahamia kwenye benchi hadi leo. Katekista Bazilio alipokuja kulalamika kwamba Mpawenimana ni jina la Mkristo na halifai kupewa mnyama, ulimjibu kwamba maana yake ni kupewa na Mungu, ukamwomba akutajie mwingine anayegawa chui. Yule mzee aliondoka bila hata kumaliza togwa.

Na ukapiga marufuku kuchinja nyumbani. Ulisema asiyeijua damu hawezi kuitamani, ukamlea kwa ugali wa muhogo na dagaa wa kuchemsha, na Krismasi tukaenda kumchinjia mbuzi wetu uani kwa jirani yetu Esteri kama wezi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikusema kila siku, nikikukumbusha kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wewe ulinijibu mara moja tu. Ulisema na sisi tuliingia Kitanga hii tukiwa wageni, kikapu kichwani, na hakuna aliyetuuliza tukikua tutakuwa nini.

Ulipoondoka alishinda mlangoni akitazama njia. Nilianza kumwonea huruma, kisha, nikwambie tu ukweli, nilianza kumpenda. Alikuwa ananifuata kisimani, nikifua anakaa juu ya jiwe lako. Niliacha kumwita huyo mnyama wako, nikawa namwita Mpawe.

Halafu Esteri akaja kuazima kinu, mtoto wake mchanga akiwa mgongoni. Akamshusha mkekani ili anisaidie kukitoa jikoni. Nilipogeuka, Mpawe alikuwa amelala kifudifudi kando ya ghala, tumbo limegusa ardhi, masikio yamelala, na ncha ya mkia tu ndiyo inayotikisika. Alikuwa anamtazama yule mtoto. Nilisimama katikati yao nikamwita jina lake, wala hakunitazama. Macho yake yalinipita. Esteri alimnyakua mwanawe, na hapo ndipo Mpawe akainuka, akaja kujisugua miguuni pangu kama siku zote. Hakufanya kosa lolote, Mama. Alikuwa chui tu, na dagaa wetu wote hawakuwa wamembadilisha.

Habari ilienea. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamejiandaa kuja guhemba, kumlisha mzazi na kumpokea mtoto, siku utakapomleta Claudine na mtoto nyumbani, na Esteri ndiye aliyetumwa kuniambia. Alisema uji wataupika, maharage na ndizi watavileta, ila wataviweka barabarani, kwenye uzio, wala hakuna atakayeingia. Alikuwa akisema huku ameinamisha uso. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto ambaye wanawake hawakuingia ndani kumlisha mama yake ni mtoto ambaye hajapokelewa. Nilikaa na maneno yale, nikafikiria mtoto wa Claudine amelazwa mkekani, na masikio ya Mpawe yamelala. Nikaenda Kasulu mjini kwa Saidi, afisa wa wanyamapori.

Usimchukie huyo kijana. Ni mtu wa Tanga, mpole, na siku ya kwanza alipokuja hapa nyumbani alizungumza na mimi akiwa amesimama nyuma ya Baba. Alisema mnyama wa pori ni wa serikali na kwa haki angetupeleka mbele ya sheria, ila aliyekuja mwenyewe si sawa na aliyekamatwa. Nilimwuliza kama Mpawe anaweza kuachiwa porini. Alisema chui asiyemwogopa binadamu atarudi kwenye nyumba za watu, na huko atakutana na mikuki. Wangempeleka kwenye hifadhi ndogo wanakotunza wanyama waliolelewa na watu, nasi tungeruhusiwa kwenda kumwona.

Walileta kizimba, wakaweka nyama ya mbuzi ndani. Mpawe aliinusa, akarudi mlangoni kukusubiri. Wakaweka dagaa, hakwenda. Saidi alisema ikishindikana wataagiza sindano ya usingizi, lakini alionekana mwenye wasiwasi, maana Mpawe hajala vizuri tangu uondoke na huenda asiamke.

Sasa hili ndilo nililolizungukia tangu mwanzo wa barua. Niliingia chumbani kwako, nikachukua kile kitenge chako cha jubilei ya parokia, kile usichotaka kifuliwe na mtu mwingine, bado kina harufu yako na ya moshi wa jikoni. Nikajifunga kama unavyojifunga. Nikapaka mikono mawese kama unavyopaka. Baba aliniona nikitoka, akasema sauti ni ya Akimana lakini nguo ni za Theodosia, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nikaingia kwenye kizimba, nikaketi, nikaita kwa sauti yako, ngwino, mwana wanje, njoo mwanangu.

Alikuja mbio, Mama. Aliingia moja kwa moja bila kutazama chuma, akaniwekea kichwa mapajani, akaanza kukoroma vile anavyokoroma kwako. Nilimkuna shingo mpaka macho yakafumba. Kisha nikakifungua kitenge taratibu, nikamwachia, nikatoka kinyumenyume na gauni la ndani, na Saidi akateremsha mlango. Hakunguruma. Alinitazama tu, akakinusa kitenge, akanitazama tena. Hakunifuata mimi mle ndani. Alikufuata wewe, na mimi ndiye niliyekutumia bila kukuuliza. Naomba unisamehe. Kumtoa sijutii, lakini namna nilivyomtoa inaniuma.

Jana Saidi alipiga simu. Wamefika salama, ila Mpawe hali. Wamempa kila kitu, hata dagaa wa kuchemsha kama nilivyowaelekeza. Amelala juu ya kitenge, ameelekeza uso mlangoni. Nilimweleza kuhusu simu zako za jioni, nikidhani atanicheka. Aliniomba namba yako. Leo jioni atakupigia, naye atamwekea simu sikioni kupitia nondo. Ukiona namba usiyoijua, pokea. Mimi unaweza kuninunia mpaka Pasaka, ni haki yako. Ila yeye mwulize kama amekula.

Wanawake wa jumuiya wamenihakikishia kwamba wataingia mpaka ndani, na Esteri amekwisha kuloweka ulezi. Baba anakusalimu sana. Kitanda amerudishiwa, lakini leo alfajiri nimemkuta amelala palepale kwenye benchi. Msalimie Claudine, na mtoto umpake mate utosini kwa niaba yangu, mama yake mkubwa niliye mbali. Mungu awalinde njiani mtakapokuja.

Na simu yako, Mama, uichaji mapema.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Akimana