Jina la Mtoto wa Kinshasa

Goma, Mabanga
Tarehe 8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Angèle,

Barua hii ikukute umekaa vizuri, mguu juu ya kigoda, na chai karibu. Hilo goti linaendeleaje? Daktari alisema utembee kidogo kila asubuhi, lakini nakujua: utatembea hadi sokoni na kurudi na gunia. Na wajukuu wako wa Lubumbashi, wamerudi shuleni? Sisi tunaamka na tunamshukuru Mungu. Wifi yako Clarisse bado anasumbuliwa na miguu, ila sauti yake haijapungua hata kidogo.

Hali ya mji unaisikia kwenye redio. Siku nyingine ngurumo inatoka upande wa Sake, na si ya mvua. Mugunga watu bado wanalala chini ya mahema, na wamama wa parokia yetu huwapelekea unga kila Jumamosi. Hata hivyo Jumatatu shule zilifunguliwa, na asubuhi hiyo barabara za Mabanga zilijaa sare za bluu na nyeupe. Nilisimama mlangoni kuwatazama hadi Clarisse akaniuliza kama ninangoja kuitwa kazini.

Unaweza kuuliza kwa nini ninaandika kwa kalamu wakati simu iko mfukoni. Ni kwa sababu ya ujumbe wako wa mwezi wa saba, ambao sikuujibu. Ulisema, ukiniita yaya kama mdogo anavyomwita mkubwa wake: "Yaya, usipeleke watoto kubisha hodi kwa mutu anayejua mulango wao." Nilinyamaza kwa kuwa niliogopa kwamba unasema kweli. Sasa nina jibu, na ni refu.

Najua wajukuu wako ndio watakaokusomea, kwa hiyo niache nieleze tangu mwanzo, kama nilivyozoea darasani. Mwanangu Modeste alipofiwa na mke wake Marie-Claire, alituachia wavulana wawili akaenda Kinshasa kutafuta kazi. Benny alikuwa na miaka minane, Prodige mitatu. Hiyo ni miaka mitano iliyopita. Alituma ada ya shule na alipiga simu, lakini sauti haimbebi mtoto mgongoni. Baadaye tukasikia ameoa tena, binti wa Bukavu. Mwaka jana tukasikia amezaa mtoto wa kiume. Clarisse akamuuliza kwenye simu: jina la mtoto ni nani? Modeste akajibu kwamba mtandao ni mbaya. Clarisse akauliza mara tatu, katika miezi mitatu, na kila mara mtandao uliharibika palepale.

Watoto wa Lubumbashi waelewe: kwetu Wanande jina linahesabu. Mvulana wa kwanza anaitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na hivyo tunaendelea. Benny ni Paluku, Prodige ni Kambale. Na mara nyingi hesabu inafuata tumbo la mama, kwa hiyo mke mpya anapozaa mvulana wake wa kwanza, anaweza kuwa Paluku bila mtu kukosea. Clarisse alilijua hilo kama mimi. Lakini alikaa jikoni akasema: "Anatuficha Paluku mwingine. Ameanza kuhesabu upya. Hawa wetu amewafuta." Benny alikuwa nyuma ya mlango, na alisikia.

Kwa hiyo Modeste alipotuma tikiti za ndege ili watoto wauone mji mkuu wakati wa likizo, mimi sikwenda kutembea. Nilikwenda kujua kama wavulana hawa bado wana baba. Clarisse akatufungia fromage, ile jibini ya Masisi, na sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwa letu, akasema chakula hakina kosa.

Wewe unajua kwamba miaka thelathini na sita nilichora Kinshasa kwa chaki, na sikuwahi kuiona. Juu ya ule msitu usiokwisha nilibandika uso kwenye dirisha la ndege kama mwanafunzi. Niliwaeleza watoto kwamba saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Prodige akafikiri, akauliza kama huko ataweza kurudia saa aliyomwaga chai yangu.

Uwanjani Modeste alitungoja. Amenenepa kidogo, na nywele zimeanza mvi. Benny alisema "Papa" akiangalia viatu vyake. Prodige alijificha nyuma ya koti langu, kisha akanyoosha mkono kama kwa mkaguzi wa shule: "Bonjour, monsieur." Modeste alipokea mkono ule, akaushika muda mrefu.

Tulilala kwa masista huko Limete, kwa maana nyumba yake ni ndogo. Kila asubuhi alikuja kututembeza. Tuliuona mnara mkubwa wa Limete, nikawaeleza watoto historia yake mpaka Benny akaomba maji. Tulipita Boulevard du 30 Juin, pana kuliko shamba la baba yetu. Miezi hiyo ya likizo huko ni kiangazi, mbingu ni ya kijivu mchana kutwa na mvua hainyeshi. Hilo nililifundisha sana, sasa nimelithibitisha. Ardhi ni mchanga mtupu. Prodige alichimba kwa kidole akitafuta jiwe jeusi la volkano kama la kwetu, akawahurumia watu wa huko: watajenga ukuta na nini?

Katika siku mbili za kwanza jina la yule mtoto halikutajwa. Modeste hakulisema, na mimi sikuuliza. Benny alikuwa ameniomba nisiulize, maana alidhani analijua.

Siku ya pili jioni tulifika mtoni. Ng'ambo kulikuwa na maghorofa. Prodige aliyatazama, akanivuta koti mimi babu yake.

"Koko, ile ni Gisenyi?"

Nikamwambia hapa ng'ambo si Rwanda kama kwetu, ni Brazzaville. Akataka kujua barrière ya mpakani iko wapi, tuvuke kwa mguu tununue maziwa na kurudi kabla hawajafunga. Modeste alicheka hadi akachuchumaa, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Akaokota kijiti, akachora kwenye mchanga miji miwili mikuu inayotazamana na mto katikati, kama mimi nilivyomchorea zamani. Prodige akasogea aone. Ili asianguke, akaegemeza mkono kwenye bega la baba yake, akausahau hapo.

Benny naye akauliza watu wa huku wanajuaje njia ya nyumbani, kama hakuna mlima. Sisi tunasema upande wa mlima au upande wa ziwa, na hakuna anayepotea. Modeste akamjibu kwamba mwaka wa kwanza alipotea kila siku. Kila asubuhi alipotoka nje alitafuta mlima wetu, Nyiragongo.

Jumapili, baada ya misa, alitupeleka kwake. Mke wake, Nsimire, alitupokea kwa Kiswahili cha Bukavu, na alipofungua sambaza wa Kivu aliwafunika tena haraka, akafuta macho kwa kitenge. Ni mwanamke wa heshima. Mtoto alikuwa mgongoni mwake. Modeste akamchukua, akamkalisha juu ya magoti ya Prodige, kisha akageuka kwangu.

"Papa, huyu ni Kasereka."

Angèle, umesikia? Kasereka! Wa tatu. Nsimire akaeleza kwamba jamaa zake walishangaa, kwa maana kwake huyu ndiye wa kwanza, naye akawajibu kwamba aliikuta nyumba ina wavulana wawili tayari.

Nikamuuliza Modeste kwa nini basi alituficha jambo jema namna hii. Akainamisha kichwa.

"Niliona haya, papa. Mutu anaita mutoto wa tatu, na wa kwanza na wa pili hawako nyumbani mwake. Utaniuliza wako wapi."

Prodige alikuwa anahesabu kwa vidole. Akamaliza, akamtazama yule mtoto kwa ukali kidogo.

"Basi mimi ni yaya."

"Yaya gani," Benny akasema, "uliyeshika koti ya koko toka Goma?" Lakini alikuwa anacheka, na alimgeukia Modeste akamwita Papa, safari hii bila kuangalia viatu.

Usidhani nililainika mara moja. Modeste aliomba watoto wabaki wasome Kinshasa, nami nikakataa. Nilimwambia jina ni neno zuri, lakini mtoto anataka mtu. Aje Noeli na Nsimire na mtoto, alale nyumbani kwetu, awapeleke watoto kanisani mwenyewe. Tukisha kuyaona hayo, tutazungumza juu ya likizo kuu. Alikubali. Nakiri pia kwamba nyumba bila wavulana hawa sijui tutaisikilizaje, mimi na Clarisse.

Tuliporudi, Clarisse hakuuliza mji mkuu ukoje. Aliuliza jina. Nilipomwambia, aligeukia sufuria yake, akaikoroga muda mrefu, ingawa ndani yalikuwemo maji tu. Kisha akasema nirudie. Siku hizi anafuma kofia ndogo ya sufu, maana Noeli hapa kuna baridi.

Juzi Prodige alileta karatasi ya shule ya kujaza. Palipoulizwa wavulana wangapi nyumbani, aliandika watatu kabla sijavaa miwani. Nimeiacha hivyo.

Sasa wewe ni shangazi yake: mwandikie Modeste. Mkaripie kidogo, ni haki yako, halafu mbariki.

Nisalimie shemeji Ézéchiel, na Mama Dative jirani yako, na wajukuu wote mmoja mmoja. Mungu akutunzie miguu ya kutembelea na nyumba ya kurudia.

Ni mimi kaka yako, ninayekubeba moyoni kama nilivyokubeba mgongoni,

Donat

Prodige amenyang'anya kalamu, anataka mstari wake:

Jambo Koko Angèle. Goti lipone. Mimi ni Kambale Prodige, yaya ya Kasereka.