Yaya, Frein à Main Uliivuta Kweli

Mpendwa yaya, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kifaransa changu ni cha dictée, imla ya shuleni tu, na jambo hili nikiliandika kwa Kifaransa litafanana na la muntu mwingine.

Unakumbuka gari ya papa, uliyoisimamisha wewe, ilivyoshuka yenyewe kwenye mteremko wa soko, kule Fizi? Ilitembea polepole, kama muntu anaenda zake, mpaka ikagonga meza ya mama wa maharagwe. Hakuna aliyeumia. Ulipiga magoti kuokota maharagwe yaliyomwagika, ukisema juu ya breki ile ya mkono, "Papa, frein à main niliivuta. Niliivuta mpaka juu."

"Muongo we," papa akajibu, mbele ya bamama wote.

Mama wa maharagwe mwenyewe ndiye alikutetea: "Wacha mutoto, papa. Maharagwe inaoshwa tu."

Wiki ile ile ukaenda Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, na kazi ya jiwe ikawa yangu. Kila papa akisimamisha gari, naruka chini kuliweka nyuma ya tairi. Kila nikiinama nakuona na maharagwe yako.

Juzi papa alichoka na jiwe, tukaenda kwa fundi hapa Baraka. Fundi akavuta levier, ule mkono wa breki, ikalia mara kumi na mbili, na gari bado inasukumika kwa mkono mmoja. Akaangalia kamba ya chuma: nzima. Akaikaza, bado. Ndipo akafungua gurudumu la nyuma, akatoa garniture, zile zinazobana ndani. Nyeusi, zinang'aa kama kioo.

"Hii haikuzeeka," alisema. "Iliungua. Muntu njo alitembeza gari na frein imevutwa."

Ni mi, yaya. Siku moja kabla ya Fizi, mlipokuwa kanisani, nilichukua funguo nikaendesha mpaka ziwani na kurudi. Nilitaka kujua kuendesha kama we. Gari ilikuwa nzito, nikadhani magari yote iko hivyo, nikazidi kukanyaga. Iliponuka nikafungua milango, harufu itoke kabla hamjarudi.

Pale sokoni nilijua. Nikanyamaza. Unanijua, hata mwalimu akiuliza jina langu najibu chini chini. Lakini siku ile haikuwa haya. Niliogopa.

Nilimwambia papa pale pale kwa fundi, macho yangu kwenye garniture. Hakunipiga. Alimwambia fundi aweke garniture mpya.

Jana tulipanda Fizi na garniture mpya. Papa akasimamisha gari mahali pale pale, akavuta, ikalia mara sita. Nikashuka na jiwe.

"Acha," alisema. "Tuangalie."

Haikusonga. Mama wa maharagwe akauliza, "Na yule kijana yako?"

"Nilimusingizia," papa akasema, kwa sauti, bamama wote wasikie.

Kiti cha mbele, kando ya papa, bado kiko nyuma kabisa, vile ulikiacha kwa sababu ya miguu yako. Hakuna aliyekisogeza. Una haki ya kunikasirikia, yaya. Njoo unikasirikie hapa nyumbani.

Mudogo wako