Baba, Niliona Doa na Nikanyamaza

Baba yangu uliyeniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako,

Nimeolewa. Ni wiki tano sasa, na bado nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu jikoni. Mume wangu anaitwa Muthama, fundi wa kuchomelea milango na madirisha hapa Emali. Kitanda chetu alikiunda mwenyewe, na kichwani akaweka mioyo miwili ya chuma iliyoshikana. Wenzake wa karakana walimcheka, wakamwambia hata mlango wa mchungaji hakuutengeneza kwa upole hivyo. Yeye aliendelea kupaka rangi. Ninampenda, Baba, mpaka saa nyingine naona haya kumpenda hivyo mchana kweupe. Wewe ungempenda pia. Anakula muthokoi sahani mbili bila kubembelezwa.

Asubuhi anatoka kuoga bila shati, akipiga mluzi, na mimi nafurahi kama mtoto. Halafu macho yangu yanakwenda yenyewe upande wa kushoto wa kifua chake, pale kwenye chuchu, yanatafuta. Katika wiki hizi tano hakuna asubuhi hata moja ambayo hayakutafuta.

Mama alipotuacha nikiwa kidato cha pili, kufua nguo zako kukawa kazi yangu. Niliyajua mashati yako kuliko madaftari yangu. Miaka michache baadaye, tukingoja mvua ya Novemba, nilikuta doa dogo la rangi ya chai kwenye lile jeupe la kanisani. Nikadhani ni mchuzi. Wiki iliyofuata doa lilikuwa palepale, na sasa lilikuwa na damu. Nililowesha shati kwenye maji baridi yenye chumvi, nikalianika nyuma ya jikoni mahali ambapo kaka Kioko hapiti. Ulilikuta kitandani limekunjwa, safi. Hukuuliza, nami sikusema.

Tuliishi hivyo miezi tisa. Sisi Wakamba tunaiita nthoni, ile haya ambayo binti huwa nayo mbele ya baba yake, asimtazame kifua wala asimtajie mwili wake. Kanisani walinisifu kwa haya hiyo. Kwa hiyo ulipoanza kuweka leso ndani ya shati, mimi nilikata shuka la zamani vipande vipande, nikaviweka mezani bila neno, na wewe ukavichukua bila neno. Niliona hiyo ni heshima. Niliona kwamba hivyo ndivyo binti anavyompenda baba.

Majirani uliwaambia umegongwa na mpini wa plau. Pale dukani Mukuyuni wakakupa mafuta ya jipu. Kioko, ambaye nyumba yake ni hatua chache tu kutoka kwako, hukumwambia lolote. Ni siku uliposhindwa kuinua mkono kuwafunga ng'ombe nira ndipo ulipokubali tutafute hospitali.

Unakumbuka lile benchi la hospitali? Lilijaa akina mama tu. Muuguzi alipolisoma jina letu la ukoo alinitazama mimi, na wewe ukanigusa kwa kiwiko.

"Ingia, mwaitu," ulisema.

Nami nikakutii nikaingia. Muuguzi akaniambia nifungue vifungo, nikaanza kulia, nikamwambia mgonjwa si mimi, ni baba. Nilipotoka kukuleta ulikuwa umeshaelekea langoni. Aliyekuzuia ni yule mama wa Kitui aliyefunga kilemba kwa sababu dawa zilikuwa zimemaliza nywele zake. Alikukamata koti kama mtu anayekamata mbuzi.

"Kaa hapa, mzee. Hapa hakuna mwanamume wala mwanamke, kuna foleni."

Wote wakacheka. Na wewe ukacheka, Baba, ukakaa.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Vipimo viliporudi alitueleza kwamba ni saratani ya matiti, kwamba wanaume huipata mara chache sana, lakini huipata. Nikamuuliza kama kwa wanaume ni kali zaidi. Akasema watu hufikiri hivyo kwa kuwa wengi wao hufa. Kinachoamua, alisema, ni uvimbe ulikuwa na ukubwa gani ulipogunduliwa, kama umefika kwenye tezi za kwapani, kama umeshasambaa mwilini, na kama mgonjwa atameza dawa mpaka mwisho. Wanaume huchelewa kuja, na dawa huziacha njiani. Kisha akatuuliza ni nani aliona dalili ya kwanza, na lini.

Ulitazama dirishani. Mimi nikasema wiki tatu.

Nilimdanganya daktari mbele yako, na wewe ukaniacha nidanganye.

Uvimbe wako ulikuwa umeshafika kwapani. Walikupasua, wakakupa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka. Vilikutoa jasho, vikakuondolea raha, na mtu akakwambia ni dawa za wanawake. Kila asubuhi nilikuletea maji, nikageuka ili umeze bila kutazamwa. Baada ya mazishi, nilipokuwa nikitoa koti lako la kanisani tumpe mjomba, kitu kilisikika ndani ya bitana. Vilikuwa vidonge vya miezi mingi. Ulikuwa unakunywa maji tu.

Kwenye karatasi ya mazishi tuliandika kwamba uliugua mapafu. Ni kweli ugonjwa ulikuwa umefika huko. Kioko ndiye aliyetaka iandikwe hivyo, kwa sababu hakutaka watu wacheke kaburini kwako. Nikakubali. Na mchungaji alipotuita mimi na Muthama kabla ya harusi, akatuuliza magonjwa ya nyumbani kwetu, nilijibu mapafu bila hata kusita.

Lakini ndani ya Biblia yangu kulikuwa na barua ya yule daktari. Aliniandikia kwamba mwanamume akipata ugonjwa huu, huenda uko kwenye damu ya ukoo, na watoto wake wote wapimwe, wa kike na wa kiume.

Wiki ya tatu ya ndoa Muthama aliniuliza kwa nini ninamkagua kifua kama mtu anayenunua ng'ombe. Alikuwa anatania. Nikamweleza yote, doa, shuka, wiki tatu, mpaka barua. Nilijua nimempoteza.

"Nionyeshe ilianzia wapi," alisema.

Nikaweka kidole kwenye kifua chake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupaonyesha mtu yeyote. Jumanne iliyofuata tulikwenda pamoja, nikapimwa, wakachukua damu. Majibu hayajatoka. Muthama anasema tutayasoma tukiwa wawili. Mimi ninaogopa, na ninampenda zaidi kwa sababu anaona ninavyoogopa.

Kioko nimempigia simu mara nne, nikimwomba akapimwe. Mara ya kwanza alicheka, akasema harusi imenipanda kichwani. Mara ya mwisho hakucheka.

"Mwende, hayo si mambo ya kumwambia kaka yako," alisema, akakata simu.

Juzi mkewe aliniambia, kama mtu anayejisifu, kwamba siku hizi nimemharibia mume kwa maneno yangu ya mjini, amekuwa msafi kupita kiasi. Anajifulia mashati yake mwenyewe.

Baba, nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Ndiyo maana ninakuandikia leo Jumamosi asubuhi, nikiwa nimeshavaa viatu. Muthama ananingoja nje na pikipiki. Tunakwenda Mukuyuni. Nitamwomba Kioko avue shati mbele yangu, mimi dada yake, mbele ya mume wangu na mkewe. Huenda akanifukuza. Huenda akaniambia nisikanyage tena boma lako. Ninajua ungesema binti mwenye nthoni hafanyi hivyo, na ninakuomba msamaha kabla sijafanya.

Pumzika, Baba. Acha Kioko anikasirikie mpaka tuzeeke sote wawili.

Binti yako,
mke wa Muthama