Castory, Safari Hii Mtani Hazuiwi Getini

Mwaka umetimia, kaka Castory, tangu presha ikuangushe pale kwenye kompyuta yako, chai ikiwa bado ya moto na sukari yake vijiko vitano. Wenzetu huandika kwamba mwaka umepita kama jana. Kwetu umejikokota, na mzigo wake ameubeba dada yako Devotha kuliko sisi wote.

Kalamu wamenipa mimi, mdogo wako Gervas, kwa kuwa hata ulipokuwepo mimi ndiye niliyeshikishwa kila kitu. Devotha amekaa hapa barazani Bigwa anachambua mchicha, na kila nikimaliza sentensi anataka nimsomee. Nilipoandika "tulikuzika kwa heshima," akaweka ungo chini. "Futa hiyo," akasema. "Andika tulichokifanya."

Basi naandika. Lakini kwanza wasiokujua wakujue.

Ulizaliwa Mgeta, kwenye kabichi na karoti, ukateremka mjini ukapata kazi ya kupiga video za harusi pale Mafiga. Maharusi walilalamika sana. Badala ya kumpiga bibi harusi akikata keki, wewe ulikuwa unampiga mjomba wake akificha soda chini ya meza. Bosi wako alikufukuza mara mbili na kukurudisha mara tatu, na hata yeye hakujua ilikuwaje.

Filamu yako ya kwanza uliipiga kwa kamera ya kuazima. Lori la kabichi limenasa kwenye tope, kijiji kizima kimejipanga nyuma kulisukuma, kila mmoja anaguna na kutokwa jasho, na hakuna hata mmoja anayesukuma. Waigizaji walikuwa majirani. Devotha ulimpa nafasi ya mama mwenye mdomo, akakataa, akasema hajui kuigiza. Ukamwambia, "Nani kakuambia uigize? Wewe simama tu useme unavyosema kila siku." Tangu hapo akienda sokoni watu humwita kwa jina la kwenye filamu. Hununa, na moyoni anapenda.

Ulikuwa na mwiko mmoja. Filamu haikutoka kwenda kwa watu kabla yule uliyemtania hajaiona. Ulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, ukaweka kiti kimoja mbele ya watu wote, na mtaniwa akakalishwa hapo. Akicheka, inatoka. Asipocheka, unakata. Fundi cherehani Dadi, yule wa kuahidi nguo ya Idi ikaja kuvaliwa Krismasi, alicheka mpaka akashika mbavu, ila kilipofika kipande cha mguu wake mbovu akanyamaza. Kesho yake ukakikata, ingawa wasambazaji wa Dar walikupigia simu kwamba ndicho kinachochekesha kuliko vyote. Uliwajibu, "Kicheko kikimruka mwenyewe, hicho ni tusi." Wanaoshika kamera leo, tungependa walisikie hilo.

Hukuwa malaika. Ulikuwa mchelewaji, na maharage ya mama uliyoyaunguza ukitazama filamu hayana idadi. Tena ulikuwa na kasoro moja ya kazi ambayo hukuiponya mpaka mwisho: ulicheka kabla kichekesho hakijaisha. Kila filamu yako, ukitega sikio, kuna mtu anacheka nyuma ya kamera. Mama yetu Scholastika macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini huomba awekewe filamu na kuketi karibu na spika. Haangalii. Anakusubiri ucheke.

Sasa tuje kwenye lile tulilolifanya.

Wageni wajue kwamba kwetu Uluguruni mtu akifa, watani wa ukoo wana kazi yao msibani. Humuiga marehemu, huingia kaburini wakagoma kutoka, huwachekesha waliofiwa hata kama hawataki, na hakuna wa kuwakasirikia. Mtani wetu mkubwa ni Mikidadi wa Mgeta, aliyecheza mwizi katika filamu zako zote na hajawahi kufanikiwa kuiba hata kijiko. Mlipokuwa mnapiga filamu yako moja ya msiba, ulimwambia Devotha mbele yetu sote, "Dada, siku yangu ikifika, Mikidadi asizuiwe." Akakujibu, "Nitokee hapa na mdomo wako mbaya." Lakini alisikia. Hilo ndilo linalomla.

Siku ya mazishi yako magari yalijaa mpaka barabarani. Walikuja wasanii kutoka Dar na miwani yao myeusi, na kila kona palikuwa na mtu anarekodi kwa simu. Devotha alisimama getini na kitenge kipya, anapokea watu. Ndipo Mikidadi akatokea. Shati kalivaa nje ndani, begani kabeba boksi la sabuni lililotobolewa na kuchomekwa kopo, ndiyo kamera yake. Akapaza sauti, "Kata! Marehemu kacheza vibaya, anapumua. Turudie!"

Mama mmoja mgeni aliziba mdomo kwa kiganja. Mpaka leo Devotha hajui kama yule mama alishtuka au alikuwa anazuia kucheka. Yeye aliona aibu tu. Akamfuata Mikidadi akamwambia kwa sauti ya chini, "Leo hapana. Leo kuna watu. Usituaibishe."

Mikidadi alimtazama. Akaliweka boksi kando ya ua, akavua shati akaligeuza upande wake, akaenda kusimama nyuma kabisa kama mgeni wa mbali. Ukazikwa kimya, kama mtu asiye na watani. Wewe wa kuzikwa kimya? Watu walituambia msiba ulikuwa wa heshima, tukashukuru, na kila tuliposhukuru Devotha alitazama chini.

Jioni ile alilitoa boksi uani kabla mvua haijalikuta, akaliweka juu ya kabati. Lilikaa pale karibu mwaka mzima. Kila alipofagia aliliona.

Mwezi uliopita alilifunga kwa khanga, akaniambia nimsindikize Mgeta. Tukapanda mlima mpaka kwake Mikidadi. Hidaya, mke wa Mikidadi, alitukaribisha akatupa viti. Mwenyewe akaja kutoka kwenye karoti, akanawa mikono, akainama kidogo. "Shikamoo dada. Karibuni sana. Bigwa hawajambo?"

Miaka yote salamu ya Mikidadi kwa Devotha ilikuwa, "Wewe kizee, bado hujafa tu?" Mtani akikuamkia kwa adabu, ujue amekwisha kukufuta katika utani.

"Mikidadi," akasema, "nilimwonea haya ndugu yangu mbele ya wageni. Aliniusia, nikasikia, na bado nikakufukuza. Nimekukosea wewe, nimemkosea na yeye."

Mikidadi akamjibu, "Dada, filamu ungeirudia. Msiba haurudiwi. Lile boksi nililitengeneza siku mbili huku nalia, na Hidaya shahidi yangu. Wale wa miwani sikuwa na habari nao. Nilitaka nimchekeshe yeye kwa mara ya mwisho."

Machozi yalimtoka Devotha. Akafungua khanga, akamwekea boksi magotini.

Mikidadi aligeuza boksi huku na huku. Akaingiza kidole kwenye tundu ambalo kopo lake lilikwishaanguka. "Panya wamekula lensi," akasema. Akamtazama Devotha. "Mwaka mzima mmeshindwa kutunza boksi la sabuni. Ndiyo maana hata mtu mzima aliwafia mikononi. Ukoo wa hovyo kabisa, na wewe kizee ndiye kiongozi wao."

Kaka, dada yako alicheka. Alicheka na kulia kwa pamoja mpaka Hidaya akamletea maji. Sisi hatukuwa tumemsikia akicheka tangu uondoke.

Haya hayafuti kitu. Siku yako ilikuwa moja, na tuliiharibu kwa kuogopa macho ya watu. Tungeweza kukupa ulichokiomba, nacho kilikuwa kimefika mpaka getini.

Jumamosi hii asubuhi tutakuombea misa, kisha tutarudi nyumbani hapa Bigwa. Shuka litatundikwa, tutaonyesha lile lori la kabichi, na kiti cha mbele hatakikalia mtu, hicho ni chako. Mikidadi atakuja na boksi lake. Getini hasimami yeyote, na Devotha ndiye aliyeamua hivyo.

Unakumbukwa na mama yako Scholastika, mkeo Esther, wanao Irene na Stefano, dada yako Devotha, mimi mdogo wako Gervas, na majirani wote wa Bigwa na Mgeta uliowahi kuwakalisha kwenye kiti kile. Mikidadi ameagiza aandikwe wa mwisho, na iandikwe wazi kwamba hukuwahi kuchekesha hata siku moja, watu walikuwa wanakuonea huruma tu.

Hatutaacha kukukumbuka, Castory. Na safari hii, kwa kelele.