Mafuta kwenye Magurudumu ya Kurushia

Mjukuu wangu,

Nimeshavaa viatu, naandika nimesimama. Chai iko kwenye chupa. Roboti yako ya mashindano usiiwashe, magurudumu ya kurushia visahani nimeyang'oa.

Asubuhi niliyapaka mafuta. Maisha yangu yote kinachozunguka nakitia mafuta. Sikujua haya sharti yakishike kisahani kwanza ndipo yaweze kukirusha. Ulipoijaribu roboti, kisahani kikateleza, kikaanguka miguuni pako. Ukasema, "Babu, mikono yako haitulii!" Kweli, wala miguu.

~~Nimeondoka nisikuudhi tena.~~ Nakwenda kwa fundi baiskeli kutafuta mpira wa tyubu, tuyavishe upya kabla ya mashindano ya mchana.

Mama yako keshakwenda kazini. Bibi yako yuko uani, anayasugua magurudumu kwa sabuni na kunicheka. Wewe umejifungia chumbani, nami sikugonga.

Babu