Panya Weupe na Mguu wa Anifa

Kaka Amade,

Anifa ameng'atwa na mbwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha nikuandikie, mimi ambaye tangu tukuzike siwezi kulitaja jina lako mbele ya mama.

Binti yangu alikuwa anatoka shule. Mbwa mwenyewe ni wa wale waliobaki mjini tulipokimbia vita, wakazaana bila mwenyewe. Alimshika mguu, juu kidogo ya kifundo. Nilimwosha kwa sabuni na maji mengi, nikambeba mgongoni hadi hospitali hapa Mocímboa, na njia nzima nilikuwa nakuona wewe.

Enfermeira, yule dada muuguzi, alipotoa kichupa cha chanjo, nikaganda. Nikakumbuka siku uliporudi kutoka Maputo, ukatueleza kazi uliyokuwa ukifanya kule maabara: kulisha panya weupe na kuwasafishia vizimba. Ulisema wengine walichanjwa, wengine hawakuchanjwa, kisha wote wakatiwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ili ijulikane kama chanjo ina nguvu. Asubuhi wewe ndiye uliyewatoa waliokufa. Mama akasema, "Ni panya tu, mwanangu." Ukamjibu, "Mama, walikuwa wananijua. Nikifungua mlango wanakuja." Halafu ukasema neno ambalo hadi leo linanichoma: "Sisi tukichinja mbuzi hatumwonyeshi kisu. Wale walikuwa wanakiona kila siku."

Ukaacha kazi, ukaja kutengeneza pikipiki hapa nyumbani.

Kisha yule mbwa wa nyuma ya soko, aliyenaswa na waya shingoni. Watu walimtupia mawe. Wewe ukaenda kumkata waya, naye akakung'ata. Uliporudi na kitambaa mkononi nilikuuliza, ukasema, "Msumari." Msumari, Amade! Tulijua ukweli siku ulipoiogopa bilauri ya maji, na daktari akatuambia hapo hakuna tena la kufanya. Wewe hukushtuka. Ulisema tu, "Najua." Ulikuwa umeshauona ugonjwa ule hadi mwisho wake.

Sasa niambie. Ulilidharau jeraha? Ulidhani mbwa ni mzima? Au uliikataa chanjo kwa ajili ya wale panya? Nimeligeuza jambo hili hadi kichwa kinauma. Nikidhani ulidharau, nakukasirikia. Nikidhani ulikataa, nakukasirikia zaidi, halafu naona haya, maana huenda ulikuwa na moyo kuliko sisi sote. Sijui. Kweli sijui.

Pale hospitali nilimwuliza enfermeira, "Dada, kwa hii dawa wamekufa wanyama wangapi?" Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Mshike mtoto," akasema. Nikamshika. Nikamshika kwa nguvu, kaka. Saa ile hata wangeniletea panya wote wa dunia wakaniuliza, ningesema ndiyo. Baada ya sindano yule dada akalainika, akaniambia amesikia siku hizi kuna chanjo zinazopimwa ndani ya vichupa vya kioo tu, bila mnyama. Hana hakika ni zipi. Nikatamani ungekuwepo usikie.

Nilikwenda kwa shehe kumwuliza juu ya wale panya. Akasema kwa haja ya kuokoa roho inafaa, ila kumtesa kiumbe pasipo haja ni dhambi. Nikamwuliza haja inaishia wapi. Akainua mikono, akamwombea Anifa dua.

Na Anifa, aliyesikia yote, akaniuliza usiku tukila, "Mama, panya nao walilia?" Wewe ndiye unayejua, na wewe hupo.

Jeraha limekauka. Jana aligombana na binamu yake juu ya kipande cha papa, akanuna, akacheka. Namtazama akikimbia uani, nafurahi hadi naiogopa furaha yenyewe.

Bado sindano moja. Nakuahidi nitampeleka. Na akikua nitamweleza ni viumbe gani waliotangulia ili yeye abaki, sitamficha wala sitampambia.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Kama wewe ulikataa kwa ajili yao, mimi nimekubali kwa ajili ya huyu. Usinikasirikie, kaka.

Dadako,
Fátima